Tumbo Alilolifunga Mama

Mikumi,
Jumapili, baada ya gulio.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kabla hata hujaitafuta miwani, maana ndivyo ulivyo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto limepata nafuu tangu mvua zilipokatika. Baba hajambo? Kikohozi chake kimekwisha, au bado anasingizia vumbi la mpunga ili asiende zahanati? Sisi huku hatujambo. Bryson yuko na gereji yake pale barabarani, na malori hayaishi kuharibika. Grace ameng'oka meno ya mbele na sasa anacheka amefunika mdomo kama bibi harusi. Beda anatambaa, na kila anachookota anakionja kwanza.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu yako naijua, Mama. Nikipiga anapokea Baba, anaweka spika, anaiegemeza dirishani, na nusu ya Zombo inanisalimia. Haya ninayokuandikia si ya dirishani. Barua nimempa jirani yangu Hildegarda, anayekuja huko kumwona dada yake, na nimemwomba akukabidhi wewe mwenyewe mkononi, si Baba wala kaka Mwinshehe.

Tena huyo Mwinshehe ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Alinipigia akiwa na uchungu. Alisema binti yake Mwanakheri, aliyewekwa ndani, atatolewa mwali baada ya mavuno, wapiga ngoma wameshaitwa, kila kitu tayari, ila wewe umekataa kutangulia. Eti umewaambia wamtafute mwanamke wa Lumuma aje acheze mbele ya mwali mahali pako. Mama, kwetu bibi akiwa hai ndiye anayetangulia, na mwali hufuata nyayo zake mpaka uwanjani. Kaka anasema mtoto analia huko ndani, anadhani kuna jambo amekukosea. Shangazi naye anasema umeanza kujiona. Nilimwambia kaka ayaache maneno, nitazungumza na wewe mimi. Lakini ili nifike huko lazima kwanza nikusimulie habari za tumbo langu, na nakuomba usiruke mstari hata mmoja.

Unakumbuka ulivyokuja kunilea nilipojifungua Beda. Ulinikanda kwa maji ya moto mpaka nikalia kumshinda mtoto. Ukanifunga tumbo kwa kanga, ukaweka goti mgongoni mwangu ukavuta, huku ukiniambia nipumue. Ukanipikia uji wa pilipili manga, ukanikataza kushika ndoo, ukamkataza na Bryson kuniomba hata chumvi. Sijaona mikono mingine yenye nguvu na huruma kwa pamoja kama hiyo yako. Ulipoondoka tumbo lilikuwa limeanza kutulia, nami nikaapa kuiendeleza kazi yako. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Nilifikiri kwamba ikiwa kufunga kidogo kunafaa, kufunga sana kutafaa zaidi. Wifi yangu Magreth alikuwa ameniletea kutoka Morogoro mkanda wa kubana tumbo, wenye vishikizo vingi kuliko gwanda la askari. Nikawa nauvaa, juu yake nafunga kanga yako, na nashinda hivyo kutwa nikishona, nikichota maji, nikimbeba Beda. Jioni natazama kwenye simu wasichana ambao hawajui hata uchungu wa uzazi, wanalala chali na kuinuka, wanalala na kuinuka, nami nawafuata. Tumbo halikurudi. La juu lilibanwa, la chini likazidi kuning'inia, na kila nikijiinua pale mkekani, katikati panachomoza kitu kama mgongo wa kambale.

Siku moja gulioni, mama anayeuza udongo wa pemba aliniita akanipa kipande bure. Akaniambia nile tu nisione haya, yeye anajua hamu ya mimba ilivyo. Beda alikuwa mgongoni kwangu, anamtazama. Sikuwa na moyo wa kumwaibisha mtu aliyenitendea wema, basi nikashukuru, nikautafuna, na nikarudi nyumbani nikilia na udongo mdomoni. Najua hapo umecheka. Hata mimi sasa nacheka.

Mkanda wenyewe ulinitoka kwa njia yake. Niliufua nikauanika, na wale ngedere wanaotusumbua huku wakashuka, mmoja akauchukua akapanda nao juu ya paa la Hildegarda, akakaa akiuvuta huku na huku. Bryson alisema labda na yeye amejifungua karibuni. Nilimnunia mpaka jioni. Ila siku ile niligundua kwamba bila mkanda siwezi hata kusimama wima kwa muda mrefu. Mgongo ulikuwa umeshazoea kuegemea kitu. Ndipo nikaogopa kweli.

Nikaenda na tumbo langu kliniki, siku ya kupima watoto. Pale kuna nesi anaitwa Perpetua, mwanamke mnene, mrefu, mwenye sauti ya kufika barabarani. Akamaliza kupima watoto, akafunga mlango, akatuuliza akina mama ni nani kati yetu akikohoa au akipiga chafya mkojo unamtoka. Kila mtu alikuwa anasoma kadi ya mtoto wake kana kwamba ameiona siku hiyo. Basi akasema ataanza yeye. Akasimulia kwamba baada ya mtoto wake wa nne alipiga chafya kwenye kikao, mbele ya wakubwa wake wote, akabaki ameganda kitini akijifanya anaandika mpaka wa mwisho alipotoka. Mama, mtu mzima, na sare yake nyeupe, anasema hivyo bila kuinamisha macho. Nilimpenda palepale. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine. Wangu nitakuambia baadaye.

Akatulaza mmoja mmoja, akatugusa juu ya kitovu kwa vidole. Alinieleza kwamba misuli yangu ya tumbo imeachana katikati, jambo linalowapata wengi wakizaa, na kwamba kule kujiinua-inua kulikuwa kunaitanua zaidi. Mkanda ukibana sana, alisema, uzito wote unasukumwa chini. Nikamuuliza kama kanga yako ndiyo iliyokosea. Akasema hapana, kanga ya siku za mwanzo inamshika mzazi na kumpumzisha, kosa ni langu mimi niliyetaka kanga ifanye kazi ya nyama.

Mazoezi yake ni ya kimyakimya hata unaweza kudhani mtu amelala. Unalala chali, unakunja magoti, unatoa pumzi taratibu, na huku ukiitoa unavuta kutoka chini kabisa, kama anayezuia haja ndogo, mpaka tumbo la chini lenyewe linazama kuelekea mgongoni. Kifua hakiinuki, pumzi haizuiwi. Kisha unaachia, na kuachia nako ni kazi. Wenzangu walihangaika, wakakaza shingo, wakakaza meno. Mimi nilipofanya mara ya kwanza, Nesi Perpetua alisimama juu yangu akauliza nani amenifundisha.

Nikamwambia ni mama yangu, wa Zombo, mchezaji. Maana wewe ndiye uliyenifundisha, Mama, nilipokuwa mwali. Uliniweka mkono chini ya kitovu ukaniambia nikaze chini, nilegeze juu, nisibane pumzi, kwa sababu kiuno hakitembei kama chini hakujashikwa. Nikawasimulia jinsi wanawake walivyokuwa wakitoka Mvumi kwa baiskeli kuja kukutazama, na jinsi wapiga ngoma walivyochoka kabla yako. Nesi Perpetua alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bibi zetu walikuwa na hazina ndani ya ngoma na sisi tukaiona ni mchezo tu. Nilijivunia mpaka nikaona aibu.

Tangu hapo tunakutana uani kwangu, akina mama wa mtaa huu, watoto wanatambaa juu yetu. Bryson alitununulia mikeka, akataka na yeye ajaribu, akashindwa kuinuka mpaka tukamvuta. Sikudanganyi kwamba tumbo limekuwa la kigoli. Lina mikunjo yake na michirizi yake, na halitarudi lilikotoka. Lakini mgongo umenyooka, ndoo naibeba, na ule mwanya umepungua. Juzi nimepita gulioni mbele ya yule mama wa udongo na hakuniita.

Sasa mkono wangu, ule wa kliniki. Niliuinua, Mama. Tangu Beda azaliwe nilikuwa nikicheka, nikikohoa, nikiinua ndoo, mkojo unanitoka, na sikumwambia mtu yeyote, hata Bryson. Nilipokwenda kushonea wateja majumbani nilibeba kanga, nikaikunja mara mbili, nikaitandika kabla sijakaa. Siku moja nimeikunja hivyo, nimeisawazisha kwa kiganja pembe kwa pembe, nikaitazama mikono yangu nikaona ni yako.

Nikakukumbuka ulivyokuwa hapa kwangu. Hukuwahi kukaa kwenye kochi bila kutandika kanga iliyokunjwa mara mbili. Siku za safari hukunywa chai, ukisema tumbo halitaki. Bryson akitoa mzaha ulicheka kidogo, ukainuka ukaenda uani. Alfajiri nilikusikia ukifua, nikadhani ni usafi wako tu. Nikarudi nyuma zaidi, nikakumbuka kwamba ngoma uliiacha baada ya kumzaa mdogo wetu wa mwisho, yule ambaye uchungu wake ulikusumbua usiku kucha. Watu walisema umeshika dini, wengine wakasema umezeeka moyo. Wewe ukawaacha waseme.

Na siku ya harusi yangu. Hili sijawahi kulitamka. Tulitoka bomani Kilosa, mimi na Bryson, tukaja Zombo kula, na ngoma ilipolia kila mama alisimama isipokuwa wewe. Ulikaa kwenye mkeka karibu na masufuria, magoti umeyabana, macho chini. Nikasema moyoni, mama yangu hajanibariki, kwa sababu nimeolewa na kijana wa dini nyingine, mjukuu wa manamba wa mkonge. Nimeishi na jambo hilo miaka yote hii. Kila ulipotuletea unga, kila ulipomfunga mwanangu mgongoni kwako, nilipokea huku nikijiuliza kama umenisamehe. Kumbe ulikuwa unaitaka ile ngoma kuliko wote waliosimama. Mama, nilipolielewa hilo niliiacha cherehani nikalia, na safari hii sikuwa na udongo mdomoni.

Kama nimekosea, nichape nikija. Kama sijakosea, njoo. Nimemuuliza Nesi Perpetua bila kutaja jina, akasema hata bibi anaweza kupata nafuu, si kwa siku mbili, na mazoezi yasipomsaidia yeye mwenyewe atampeleka kwa daktari, maana ni ugonjwa kama mwingine na una tiba zake. Hakuahidi miujiza, nami sikuahidi. Lakini mavuno bado, na mikeka ipo. Baba mwambie Beda anaota meno na mimi nimeelemewa na kushona. Si uongo, anaota kweli.

Na siku ya Mwanakheri tutatangulia pamoja, wewe mbele na mimi ubavuni. Ukihisi chochote, nikanyage mguu, nami nitaanguka chini nivunje ngoma kwa kicheko, watu wanitazame mimi. Mtoto huyo asitoke nje akidhani bibi yake hamtaki. Najua inavyouma.

Nisalimie Baba, mpe shikamoo yangu na umwambie aende zahanati. Kaka Mwinshehe na mkewe wasalimie, na Mwanakheri mwambie tu kwamba shangazi yake amekuja na habari njema kwa miguu ya Hildegarda. Bryson anakusalimu, Grace pia, kwa mkono mdomoni. Jibu usiandike. Panda tu basi, na chai kunywa kabla ya safari, nitakupokea stendi kwa lolote litakalokuwa.

Na kanga za kukalia usibebe, Mama. Zangu zinatutosha sote wawili.

Ni mimi binti yako,
Yusrah