Sauti ya Bibi Kwenye Spika

Mwenzangu, uko wapi? Kaa chini kwanza. Mjomba leo kaumbuka mbele ya ukumbi mzima!

Si unajua leo tulikuwa na kumbukumbu ya Bibi? Mjomba kavaa suti, kaunganisha simu yake na spika ili apige wimbo aliokuwa anaupenda mama yake. Bosi wake kakaa mstari wa mbele kabisa.

Akabonyeza. Badala ya wimbo, ikatoka sauti ya Bibi. BIBI MWENYEWE! Ujumbe aliomtumia zamani, na Mjomba hakuwahi kuufuta.

"We Kitumbo! Mbona hupokei simu? Suruali yako iliyopasuka makalioni nimeishona. Na uje ule, umekonda. Ila huyo bosi wako usije naye, anakula kama katumwa!"

Kama katumwa! Na bosi yuko pale pale anasikia!

Mjomba akahangaika kuizima, simu ikamponyoka, ikateleza hadi chini ya viti. Mimi nimejiuma midomo mpaka basi.

Bosi ndiye aliyeiokota. Akasimama, akasema, "Mama hakunisingizia. Sufuria zake nilikuwa nazikomba." Wee, watu mbavu hawana!

Kicheko kilipotulia akamrudishia simu, akamwambia taratibu, "Hebu tuwekee tena."

Mjomba, ambaye tangu mazishi hakudondosha hata chozi moja, akauweka tena. Bibi alipouliza, "Mbona hupokei simu?" akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, akajibu:

"Nimepokea, Mama."