Ngitili Imetema

Jumamosi jioni, Ngokolo. Mvua ya jana imeacha ubaridi mzuri, ila mimi natokwa jasho, na simu yangu nimeilaza kifudifudi mezani nisiione.

Leo kikundi chetu cha maua na vipepeo kilikwenda Tinde, kwenye ngitili ya baba mdogo. Ni lile eneo la nyasi analolifunga masika yote ili ng'ombe wake wapate malisho kiangazi. Hachungi mtu humo, hakati mtu kuni. Nilimbembeleza sana mpaka akatukubalia, na alinipa sharti moja tu: nisimletee wachimbaji. Jirani yake alipoteza shamba la mihogo kwa uvumi kwamba lina dhahabu. Hawakupata hata punje, lakini mashimo yapo mpaka leo.

Kwa hiyo nilikwenda na macho manne.

Na yote manne nilimwelekezea Kulwa. Huyu kajiunga nasi juzijuzi, baada ya kuchimba dhahabu Geita miaka mingi. Mchimbaji mzima anataka nini kwenye maua? Sisi tulikuwa tunapiga picha maua ya njano ya marejea na wale vipepeo weupe wenye ncha za rangi ya chungwa. Yeye kachuchumaa peke yake karibu na lambo, anachimba kishimo kwa koleo dogo, anamimina maji ya chupa, anafinyanga udongo kwa vidole. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimwendea nikamuuliza, kwa sauti yangu ya darasani, anatafuta nini. Akasema nivute subira, vipepeo hupenda kunywa tope. Sikumwamini. Nikabaki pale pale namlinda kama mbuzi wa jirani aliyesogelea mtama.

Wakaja kweli. Wa njano kwanza, kisha weupe, wakajazana kwenye lile tope mpaka udongo ukafunikwa. Muuguzi wetu, Mama Neema, alikaa chini kabisa na gauni lake safi, anacheka. Kulwa akanigeukia.

"Mwalimu, hapa pametema."

Wachimbaji husema hivyo shimo lao likitoa dhahabu. Tulicheka wote, ila mimi nilicheka mdomoni tu. Niliona neno limemtoka kwa mazoea, na mazoea hayafichiki. Njia nzima ya kurudi nilikuwa namtazama mifuko ya suruali.

Jua linazama, baba mdogo akapiga simu. Hakungoja hata shikamoo yangu.

"Mwanangu, kuna watu wenye sururu nje ya ua wangu wa minyaa. Wanauliza ilikotema. Wengi gete, wengi kweli."

Nilimpigia Kulwa kwa hasira. Nilimwita msaliti, nikamwita na mengine ambayo siyaandiki hapa. Nilipoishiwa pumzi, akauliza taratibu:

"Mwalimu, kwenye stetasi yako umeandika nini?"

Nikaifungua.

Picha nilipiga mwenyewe. Wenzangu wameinama kuzunguka kishimo, koleo liko pembeni, vipepeo wala hawaonekani vizuri. Chini yake nimeandika, kwa mbwembwe zangu zote: "Tinde oyee! Ngitili ya baba mdogo leo imetema."

Neno lile lile lililonifanya nimshuku mwenzangu njia nzima. Nililiandika kwa sababu lilikuwa tamu.

Nimeifuta, lakini waliokwisha kuiona wamewatumia wengine. Mzazi mmoja wa pale shuleni kaniandikia faragha, anauliza kama naweza kumshikia nafasi ya kuchimba. Nimeona aibu ambayo sijui niipeleke wapi. Baba mdogo bado hajui kuwa ni mimi, na usiku huu analala nje na fimbo yake, analinda nyasi.

Alfajiri natoka na Kulwa kwenda Tinde. Nimemwomba radhi, akasema tuyaache, wachimbaji wanaweza kumsikiliza mchimbaji mwenzao. Mimi nitaanza kwa kumweleza baba mdogo. Halafu nitasimama mbele ya wale watu na sururu zao niwaambie ukweli: hakuna dhahabu, ni vipepeo tu waliokuja kunywa tope.

Mchana wa leo niliambiwa maneno hayo hayo. Sikuyaamini.