Vigingi Vyekundu vya Bonde la Mateteni

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo Kidogo cha Polisi, Mateteni, Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam
Kuhusu: Kukatwa kwa barabara mpya ya Mateteni, tarehe 10 Aprili 1975
Jina: Kasimiri Polikarpo Nampunju
Umri: Miaka 49
Kazi: Mchonga vinyago, pia mjumbe wa nyumba kumi
Dini: Mkristo
Makazi: Mateteni, upande wa juu wa bonde
Tarehe na saa: Jumatatu, 14 Aprili 1975, saa 2.30 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Alhamisi tarehe 10 niliandikisha maelezo hapa hapa, mbele ya Koplo Fransis huyu huyu, nikasema kwamba jirani yangu Jabiri Mwinyikondo alikata barabara ya wananchi kwa chuki, kwa kuwa ni mtu wa kupinga maendeleo. Kwamba aliikata ni kweli, nilimwona kwa macho yangu. Yaliyobaki niliyapika mwenyewe, na leo naona haya hata kuyarudia. Jabiri yuko mahabusu mpaka sasa kwa ajili ya maneno yangu, na nimesikia kesho anapelekwa mahakamani.

Koplo ameniambia nieleze tangu mwanzo kwa mpangilio, kujilaumu nitajilaumu baadaye.

Mateteni iko pande mbili za bonde. Katikati mna kijito kisichokauka, kuna matete mengi, na akina mama wana majaruba yao ya mpunga. Wakati wa masika maji yote ya juu huteremkia pale, hutulia kwenye matete, kisha huenda zake polepole. Nilihamia hapa kutoka Newala mwaka 1958, na tangu hapo sikuwahi kuona maji ya bondeni yakiingia nyumba ya mtu.

Mwezi wa Februari mwaka huu tulitangaziwa kwamba barabara ya kwenda zahanati mpya itapita bondeni, na kwamba tutajenga tuta lake kwa kujitolea. Tawi la chama liligawa barabara vipande vipande, kila nyumba kumi na kipande chao, kwa kupima hatua za mtu. Sisi tulipata hatua arobaini, na hizo ndizo zilizoangukia bondeni. Mjumbe ambaye watu wake wangetangulia kumaliza angesomwa jina kwenye mkutano wa hadhara. Nakiri nilitaka kusomwa. Nimekuwa mjumbe miaka mitatu, na jina langu lilikuwa halijasomwa popote ila kwenye orodha ya wanaochelewa mikutano.

Mnamo tarehe 5 Machi, saa nne asubuhi, Bwana Gaudens, msimamizi wa ujenzi, alifika bondeni akapigilia vigingi vinne vilivyopakwa rangi nyekundu, viwili ng'ambo hii ya kijito na viwili ng'ambo ya pili. Aliniita pembeni akasema, "Ndugu Kasimiri, kati ya vigingi hivi usitie hata karai moja la kifusi. Hapa tutalaza makalavati. Maji lazima yapite." Makalavati ni yale mabomba makubwa ya saruji yanayopitisha maji chini ya barabara. Nilimuuliza yatakuja lini, akasema huenda mwezi ukaisha. Nilimwitikia vizuri, nikamsindikiza hadi kwenye Landrova yake.

Nilielewa. Naomba iandikwe hivyo hivyo, kwamba nilielewa.

Jumamosi tarehe 8 Machi, saa moja asubuhi, watu wangu walitoka wote, wake kwa waume, na majembe na makarai. Walifanya kazi vizuri sana, sina la kuwalaumu. Ilipofika saa tano tulikuwa tumemaliza huku na huku, limebaki lile pengo la kijito, kama hatua nane. Ndipo akaja Bi Eufrazia, mjumbe wa nyumba kumi za jirani, ambaye kipande chake kilikuwa kwenye mchanga mkavu. Alishika kiuno akasema, "Ndugu mjumbe, nyie mmekuja kujenga barabara au kuvua kambale?" Watu walicheka, wangu pia. Nami nilicheka, lakini ilinichoma.

Huku kwetu kigingi chekundu kina sifa mbaya. Mwaka juzi mtaa wa pili vilipigiliwa vya namna ile, na mwezi uliofuata nyumba kumi na moja zikavunjwa. Kwa hiyo mtu wa hapa akikiona anaiona nyumba yake iko chini. Mama mmoja aliniuliza kwa hofu, "Mjumbe, au ndiyo tunahamishwa tena?" Nilijua havihusiani kabisa na nyumba. Ningeweza kumtoa wasiwasi kwa neno moja. Badala yake nilisema, "Mie nitajuaje? Sikuviweka mie." Kisha nikageuka, nikajifanya naangalia mpini wa jembe. Haikupita dakika tano vigingi vyote vinne vilikuwa vimeng'olewa, na hakuna aliyeweza kusema mjumbe ndiye aliyeagiza.

Ni Jabiri peke yake aliyesimama. Yeye ni kuli bandarini, kijana wa miaka ishirini na minane, nyumba yake ni ya tatu kutoka bondeni. Alisema kwa adabu, "Mzee Kasimiri, si hapa Bwana Gaudens alisema paachwe njia ya maji? Mie nilikuwa napita, nikamsikia." Nilimjibu kwa sauti ili wote wasikie, "Umekuwa mhandisi lini wewe? Ndiyo zao wapinga maendeleo, kwao kila kitu hakiwezekani." Watu walimzomea. Alichukua karai lake akaendelea kubeba kifusi pamoja nasi, na saa saba na robo kijito kilikuwa kimezibwa.

Jumapili tarehe 16 Machi jina langu lilisomwa. Nilipigiwa makofi, nikainuka, nikapunga mkono.

Tarehe 20 Machi, kama saa moja na nusu asubuhi, Bi Mwanakombo alikuja nyumbani kwangu. Ni mtu mzima, anakaribia miaka sabini, na jaruba lake liko upande wa chini wa barabara. Nilimwamkia, akaitikia. Akasema, "Mwanangu, mpunga wangu unakufa kwa kiu, na huko juu maji yamesimama yananuka. Bonde hili ndilo linalotunywea maji. Mmelikaba koo. Masika ikiingia litatutapikia sote." Nilimwambia avumilie, mvua zikianza mpunga utainuka. Nilikuwa nachonga, na nilizungumza naye bila hata kuweka patasi chini. Mama wa umri ule nilimwacha amesimama mlangoni mpaka akaondoka mwenyewe.

Tarehe 1 Aprili Bwana Gaudens alirudi, akakuta pamezibwa. Alishika kichwa. Aliuliza nani kang'oa vigingi, nikasema siwajui, nilikuwa nimekwenda kunywa maji. Hakunibishia. Alisema anapelekwa Kimbiji kwa wiki mbili, akaniagiza Jumamosi tarehe 5 niwaite watu kumi tu wafukue lile pengo kabla ya mvua. Sikuwaita. Kufukua kungewafanya watu waulize kwa nini tulifukia, na jina langu lilikuwa limesomwa wiki mbili zilizopita.

Mvua ilianza Jumatatu tarehe 7. Alhamisi tarehe 10 ilinyesha tangu alfajiri bila kupumzika. Kufikia saa nane mchana maji yalikuwa yamejaa upande wetu wa juu mpaka usawa wa madirisha ya nyumba saba za karibu na bonde. Vyoo vilifurika, na maji yake yakaingia kisimani. Nyumba yangu iko mwinukoni, haikuguswa.

Saa nane na nusu Jabiri alikuja mbio, amelowa mwili mzima. Mkewe, Mauwa, alikuwa amejifungua siku tisa tu nyuma. Alisema, "Mzee, tupe ruhusa tuifungue barabara." Nilimwambia mali ya umma haiguswi bila barua ya tawi, na mwenyekiti yuko mjini. Akasema, "Mtoto wangu yuko juu ya kitanda, na kitanda kinaelea." Nikamwambia tena habari ya barua. Hakunitukana, alichukua jembe langu lililoegemea ukutani akaenda. Alikata peke yake. Watu waliokuwa wakimtazama waliogopa kumsaidia, kwa sababu mjumbe wao alikuwa amesimama pale anakataza.

Kama saa tisa na robo maji yalipata njia, yakachukua tuta zima la pale. Saa kumi yalikuwa yameshuka hadi magotini, na Mauwa alitolewa pamoja na mtoto wake, wote wazima. Lakini maji ambayo yangepita kidogo kidogo kwa mwezi mzima yalipita kwa saa moja. Yalisomba jaruba la Bi Mwanakombo. Kifusi tulichobeba kwa makarai sasa kimelala juu ya mpunga wake, na mwaka huu hana cha kuvuna.

Saa kumi na moja jioni nilikuja hapa kumshtaki Jabiri. Niliwahi kabla mtu mwingine hajafika. Koplo aliniuliza kama palikuwa na mpango wowote wa njia ya maji, nikajibu, "Sijui, afande."

Jana Jumapili, nikiwa nimetoka kanisani, Mauwa alikuja kwangu na mtoto mgongoni. Alitaka barua ya mjumbe ya kumtambulisha, apate kumletea mumewe chakula huku mahabusu. Hajui niliyosema. Alinishukuru kabla hata sijaandika. Nilichukua kalamu kama ninavyowaandikia wote: "Namfahamu Jabiri Mwinyikondo, ni mkazi wa nyumba kumi zangu, mtu mwenye tabia njema." Nilipofika kwenye tabia njema niliweka kalamu chini. Nilijiona mchafu. Nilimaliza barua, nikampa, nikaingia ndani nikafunga mlango mchana kweupe.

Leo nilipoingia uani hapa kituoni nilimkuta Jabiri anafagia, askari amesimama karibu yake. Aliponiona aliweka ufagio chini. "Shikamoo, mzee. Maji yameshuka kwangu?" Nilishindwa kusema marahaba. Nilimwambia yameshuka.

Hayo ndiyo niliyoyajua na niliyoyatenda. Nimeyasema kwa hiari yangu, na naomba yasimame mahali pa yale ya Alhamisi.

Saini: K. P. Nampunju

MAELEZO YA AFISA: Shahidi amesomewa maelezo yake kwa Kiswahili, amekubali ni sahihi na ametia saini mbele yangu saa 4.10 asubuhi. Nimemweleza kwamba aliyosema yanaweza kutumika dhidi yake, na nimemuuliza kama bado anataka nimpelekee mkuu wa kituo maelezo haya. Amejibu: "Ndiyo, afande. Nimekuja na blanketi langu."

Koplo Fransis