Kebo ya Internet na Waya wa Mashine ya Kusaga

Waliokuwapo asubuhi: Koko Suzanne, Baba Joyeuse, Joyeuse na mimi. Tonton Edouard alikuwapo kwenye kompyuta tu, kutoka Mahagi.

Mboga ya sombe iko jikoni. Ndizi zilizofunikwa ni za Koko.

Kama mlivyoona, Edouard alipokuwa akimwuliza Joyeuse maswali ya mazoezi, Baba Joyeuse aliwasha mashine ya kusaga, na picha ikaganda na kumwacha Edouard mdomo wazi. Koko akauliza, "Huyu iko anasali ao anangojea kulishwa?"

~~Baba Joyeuse, kosa ni la mashine yako.~~ Kosa ni langu. Jumamosi niliona kebo ya Internet na waya wa mashine zimeachana ukutani, kila moja na njia yake, nikadhani ni fujo. Nikazifunga pamoja kwa utepe, kutoka saloni ya wageni hadi chumba cha nyuma, zikanyooka vizuri sana. Sasa kila mara mashine inapowaka, umeme wake unavuruga yanayopita kwenye kebo iliyolala ubavuni mwake safari yote.

Mtu asipande kuzitenganisha wakati waya una umeme. Nitazitenganisha mwenyewe jioni nikirudi kutoka shuleni. Lakini mahojiano ya kweli ya Joyeuse, ya kutafuta nafasi chuoni, ni leo saa nane, na mwalimu wa chuo hatarudia swali kwa ajili ya unga.

Kwa hiyo nimeamua: leo hatusagi mpaka Joyeuse atoke chumbani. Baba Joyeuse, najua utasema, "Debe moja tu." Ndiyo maana ufunguo wa mashine nimemkabidhi Koko, mama yako.

Mama Joyeuse