Gredi ya Tatu kwenye Mlango wa Bi Mwanaidi

Jumatatu, 8 Septemba
Milango miwili leo, yote ya mninga. Bawaba zimekaa vizuri. Alasiri nimeitwa Ruhembe kwa Bi Mwanaidi, muuguzi mstaafu, niliyemfungia mlango mpya na kitasa chake mwezi wa sita. Wezi wameingia akiwa shambani. Cherehani imekwenda, kitasa kimepasuka. Nikasema mbele ya binti yake kwamba mama hakuzungusha ufunguo mara mbili. Kitasa cha gredi ya tatu hakivunjiki kirahisi hivyo. Bi Mwanaidi akaapa kwamba alizungusha. Nikatabasamu tu.

Jumatano, 10 Septemba
Binti amepiga simu. Anasema mama ameanza kusahau, Jumamosi anamhamishia kwake Kilosa. Nyumba itapangishwa. Ananishukuru kwa kumfumbua macho. Moyo umekataa shukrani hizo, sijui kwa nini.

Alhamisi, 11 Septemba
Sasa najua. Nimefungua boksi la kitasa kingine, nikaisoma karatasi ya ndani. Siku zote karatasi hizo huwa nawashia jiko. Gredi ya kwanza ndiyo inayostahimili kupigwa. Ya tatu ni ya chini kabisa. Nikampigia muuza vitasa wa Morogoro. Akacheka: hiyo ni ya mlango wa chumbani, fundi.

Na cheti changu cha ufundi ni gredi ya kwanza! Kimetundikwa ukutani, kila mteja namwambia hakuna iliyo juu yake. Kwenye vitasa nikahesabu kama mawe ya mizani: namba kubwa, uzito mkubwa. Mpumbavu mimi. Milango kumi na moja nimeifungia hiyo ya tatu.

Ijumaa, 12 Septemba
Sikwenda kwa Bi Mwanaidi. Nimesingizia homa. Sina homa, nina aibu.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimekwenda. Mizigo ilishafungwa, iko barazani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikasema yote mbele ya binti: kosa ni langu, mama alifunga vizuri. Binti akakaa chini.

Bi Mwanaidi akasema, "Cherehani si kitu, fundi. Siku zote hizi nimekuwa nikilirudia jina la marehemu mume wangu, nisije nikalisahau na lenyewe."

Nikafunga kitasa kipya cha gredi ya kwanza, wao wakarudisha mizigo ndani. Bi Mwanaidi hakuniaga.

Jumapili, 14 Septemba
Nimeanza kuwapitia wale kumi. Wa kwanza ni mwalimu mmoja hapa hapa Mikumi. Alifurahi kuniona, akaniwekea chai na maandazi kabla sijasema nimefuata nini. Nilikunywa kikombe kizima ndipo nikaanza.