Mlio Mmoja, Nyama

Bonde la Hemlock, Pennsylvania
14 Septemba

Mwanangu Marnie,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu Brent na kwa mjukuu wangu Corrie. Mimi sijambo, ila goti linanikumbusha umri kila mvua ikikaribia. Ukungu umeanza kushuka bondeni, na leo alfajiri nimeota kulungu wameingia jikoni, marehemu mama yako anawamegea mkate. Alinitazama tu, akaendelea kumega. Nimeamka na furaha nisiyojua niiweke wapi.

Corrie ametimiza miaka kumi na miwili, kwa hiyo msimu huu wa kuwinda kulungu ni wake. Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, tutapanda wote hadi kibandani mlimani, nami nitakaa naye chini ya mti ule ule nilipokaa na wewe. Atatumia bunduki ya babu yangu. Mfundishe ule msemo wetu: mlio mmoja, nyama; miwili, labda; mitatu, rudi ukale maharage. Na akikosa, mkasi ninao. Tutamkata pindo la shati tulipigilie ukutani pamoja na yetu ya siku tulizokosa. Lako la maua bado lipo, limefifia kidogo.

Nimewatumia boksi la jemu ya tufaha na nyama ya kukausha. Ndani ya soksi ya kijivu kuna zawadi ya Brent. Ni kifyatulio cha ile bunduki yake nyeusi ya kulengea makopo. Akishakifunga, risasi zinafuatana kama mvua juu ya bati. Nilinunua viwili kwenye maonyesho ya bunduki, kimoja changu. Muuzaji aliniapia kwamba mahakama imesharuhusu. Mimi na jirani yangu Delbert tulivijaribu tukacheka mpaka machozi.

Wako,
Baba

Elmira, New York
22 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi tu wazima, na Corrie anaila jemu kwa kijiko. Soksi nayo imefika, na tangu niifungue sijalala vizuri.

Baba, sheria ya kitu hiki inabadilika kila ukivuka daraja. Washington wenyewe jana walikiita bunduki ya rashasha, leo wanasema sivyo, kesho hatujui. Pengine huko kwako kimeruhusiwa kweli. Lakini huku New York kukiweka tu ndani ya nyumba ni kosa, na kukivusha mpaka wa jimbo kama ulivyofanya ni kosa jingine. Ni kosa la kifungo. Na mtu akitiwa hatiani kwa kosa kubwa namna hiyo, haruhusiwi kugusa bunduki tena maisha yake yote, hata ya kuwindia.

Brent naye, mume wangu mwenye akili zake, alikifunga siku ile ile akaenda kuwaonyesha wenzake wa kiwanda cha maziwa. Mmoja wao akampiga picha.

Nimemwona wakili. Amesema nisikirudishe kwa posta, maana hilo ni kukisafirisha mara ya pili. Nisimpe mtu, nisikitupe mtoni. Yeye mwenyewe atazungumza na polisi. Nilitaka kuandika kwamba sikulaumu, lakini nakulaumu. Na usinijibu kwa utani.

Binti yako,
Marnie

Bonde la Hemlock
30 Septemba

Mwanangu,

Nashukuru kwa barua yako, na goti linakusalimu. Huo ndio utani wa mwisho.

Sisi hapa tunapeana vipuri vya bunduki kama tunavyopeana mayai, juu ya ua, bila kuulizana. Sikuuwaza mpaka hata kidogo. Nikija kwenu miti ni ile ile, mto ni ule ule, na kulungu wanavuka bila kusimamishwa na mtu. Kwangu mimi nilikuwa namtumia mkwe wangu zawadi, basi.

Delbert anasema wakili wako anatafuta riziki, na kwamba watu wa mjini mnaogopa hata kivuli. Changu nimekifungua nimekipeleka kwa wakili wa huku, maana mpaka leo sijui nimwamini nani. Mwambie Corrie ajizoeze kukaa kimya msituni. Ni kazi ngumu kuliko kulenga.

Wako,
Baba

Elmira
19 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi hatuko wazima.

Ile picha ilitembea. Polisi walifika kabla wakili hajamaliza mazungumzo yake, wakaichukua bunduki ya Brent pamoja na kifyatulio. Brent walimrudisha kesho yake, uso umemshuka. Wanataka kujua kilitoka wapi. Amekataa kusema. Nilimfokea jikoni, akanijibu, "Marnie, nitamtajaje mzee? Kanifundisha kuwinda mimi, baba yangu mwenyewe hakunifundisha."

Corrie alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaniuliza, "Sasa nani atanipeleka?"

Baba, sijui nikuombe nini. Ukisema, nakupoteza wewe kule mlimani. Usiposema, nampoteza yeye, na pengine atafungwa. Nimeichana barua hii mara nyingi. Hii naituma kabla sijaichana.

Binti yako,
Marnie

Elmira
8 Novemba

Baba,

Hujajibu, na simu yako inaita tu bila kupokewa.

Jana wakili kanieleza. Mzee mmoja mwenye kofia ya rangi ya chungwa aliingia kituo cha polisi hapa Elmira, akaomba kiti kwa sababu ya goti, akasema: ni mimi niliyekinunua, ni mimi niliyekitia kwenye soksi, na kijana hakuniomba. Faili la Brent limefungwa. Wewe utakiri kosa, hutakwenda gerezani, ila bunduki ni basi tena, kuanzia leo mpaka kaburini.

Umepita mtaani kwetu hukugonga mlango. Hilo ndilo linaloniliza zaidi. Niandikie, hata mstari mmoja.

Marnie wako

Bonde la Hemlock
29 Novemba, Jumamosi

Mwanangu Marnie,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi nipo, na nyumba bado inanukia chapati za maji nilizowapikia Corrie na Brent kabla hawajapanda mlimani.

Nisamehe kwa kutogonga. Nilisimamisha gari mbele ya kwenu, nikamwona Corrie dirishani anasuka nywele zake. Nikajua nikiingia nitakula, nikila nitakaa, na nikikaa sitafika kituoni.

Bunduki zangu zote amezichukua Delbert. Ile ya babu, Corrie ameiazima kwake huko huko juu, kama wakili alivyoelekeza. Mimi siruhusiwi kukaa kwenye kibanda chenye bunduki. Mlangoni Corrie alinishika mkono akauliza, "Babu, nikikosa?" Nikamwambia mkasi uko mezani unamsubiri. Akacheka, akaondoka na baba yake.

Nikafungua dirisha linalotazama mlima, nikakaa na kahawa. Theluji ilikuwa inashuka taratibu na ukungu umeziba kila kitu, sikuona hata ua wa nyumba. Nadhani nilisinzia. Nilimsikia mama yako nyuma yangu jikoni, anatembea na soksi zake nene, nami sikugeuka nisije nikamfukuza. Nilimwambia yote, hata ule ujinga wangu wa maonyesho. Naumia, Marnie. Hii ni mara ya kwanza tangu utotoni mlima umeamka bila mimi.

Kisha nikaisikia. Ile ya babu naijua, nimekua na sauti yake. Ilisema mara moja, ikazunguka bonde, ikanyamaza.

Nikangojea mlio wa pili. Kahawa ikapoa, theluji ikaingia dirishani ikanilowesha mikono. Haukuja.

Nimelia kidogo, sitakuficha. Kisha nimeinuka na goti langu, nikaurudisha mkasi kwenye droo ya mama yako.

Wako,
Baba