Kopo Nililomtumia Binti Yangu

Leo ni tarehe kumi na tisa, na ni miezi kumi na moja na siku nne tangu nifunge begi langu nikaja huku kwenye ujenzi.

Mshauri wetu, nakusalimu na kukuomba unisikilize, maana nimeharibu jambo nyumbani kwangu nikiwa mbali na mkono wangu haufiki. Mimi ni mchanganya zege, shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo ukiona sentensi imepinda inyooshe mwenyewe. Mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, akaniachia binti ambaye sasa ana miaka kumi na minne na wadogo zake wawili, wote wanalelewa na mama yangu mzazi, mtu mzima mwenye magoti mabovu ambaye akishaketi hapendi kuinuka.

Shida ilianza kwa simu za mama. Kila mwezi zikifika siku fulani analalamika kwamba binti amegeuka mchwa, amekula chakula chake, amekomba sufuria, ameingia kwenye mkate wa asubuhi na wadogo zake wanalia, halafu zikipita siku nne tano mtoto huyohuyo hagusi sahani, anashika tumbo, anakimbilia choo mara tatu kabla ya kwenda shule, na bibi yake akimwuliza anasema hana kitu. Mimi nikaona jibu liko wazi, mlafi amevimbiwa. Nikaagiza apewe dawa ya minyoo, akanywa. Mwezi uliofuata yakawa yaleyale, nikaagiza tena, na wa tatu nikaagiza tena.

Sasa hapa kambini tunapakuliwa kwa kopo. Ni kopo la maziwa ya unga, mama mpishi alilianzisha baada ya watu wazima kutunishiana vifua kwa sababu ya maharage, na tangu siku hiyo kambi imetulia. Na mimi kazi yangu yote ni vipimo, ndoo ya saruji kwa ndoo za mchanga na kokoto, mpaka wenzangu wananiita Kipimo. Nikasema dawa ya nyumbani ni hiyohiyo. Nikatafuta kopo kama lile, nikapiga alama kwa msumari pale linapotakiwa kujaa, nikampa dereva wa lori akalifikisha. Kila mtu kopo moja. Mama yangu alifurahi.

Nikampigia binti kumweleza sheria. Nilikuwa nimekaa na wenzangu, nikaweka simu kwa sauti kubwa, nikamwambia yeye ni gunia lililotoboka, bila kupimiwa halijai. Wenzangu wakacheka, na kule nyumbani nikawasikia wadogo zake nao wakicheka. Yeye alisema tu, "Sawa, baba."

Huu ni mwezi wa pili na mtoto anatii kuliko nilivyotaka. Anakula kopo moja, siku nyingine nusu, hata jirani akimkaribisha anajibu ameshiba. Wiki mbili zilizopita alilegea magoti akiwa mstarini shuleni, wakamketisha kivulini. Nilipopiga kumwuliza alinipa maneno manne: "Nimeshakula kopo langu, baba." Akampa bibi yake simu.

Jumapili nilimsimulia mama mpishi nikiosha sahani, nikitegemea anisifu kwa kumwiga. Akaacha kusugua sufuria, akaniuliza hizo siku za njaa zinarudi baada ya muda gani. Nikahesabu, siku ishirini na nane, mara nyingine thelathini. Akanitazama kama ninavyomtazama mimi mtu aliyemwaga maji kwenye stoo ya saruji. Akasema, "Wewe Kipimo, huyo mtoto yuko kwenye siku zake, na wewe umemfungia chakula kwa msumari. Mimi mwenyewe siku hizo najipakulia kabla yenu, hamjawahi kuniona."

Mshauri, naona haya. Nilijua hedhi ni damu, sikujua inafika kwenye njaa na kwenye choo. Naomba uniambie kama huko kuharisha ni ugonjwa au la, ale nini, na mimi baba nianzie wapi kusema jambo hili kwa simu bila kumwaibisha, wakati hataki hata kunisikia. Wiki ijayo tunamwaga zege la dari la mwisho, tunalimwagilia maji mpaka lishike, na Mungu akipenda tarehe tano ya mwezi ujao nitakuwa nyumbani, kwa basi la mchana.

*

Baba Kipimo,

Umesema ukweli bila kujipamba, na hilo nakusifia sasa hivi kwa sababu yanayofuata si sifa.

Binti yako hakuwa mlafi. Siku chache kabla ya hedhi mwili wa msichana hubadilika na wengi husikia njaa zaidi, hasa ya vitu vitamu na vya chumvi. Damu inapoanza, mwili hutoa kemikali za kulibana tumbo la uzazi, na kemikali hizo huugusa na utumbo ulio jirani, ndiyo maana wengine huharisha siku ya kwanza na ya pili. Wengine hufunga choo au hujaa gesi kabla ya hapo. Mara nyingi si ugonjwa, na minyoo haina kosa hapo. Dawa yake ina utaratibu, haigawiwi kila mwezi kwa kukisia ukiwa mbali kambini.

Unajua kupima zege, sawa, lakini zege halikui. Msichana wa miaka kumi na minne anarefuka huku anapoteza damu kila mwezi. Kumpa kopo sawa na mdogo wake ni usawa wa ndoo, siyo haki ya watoto.

Siku za njaa ale, tena ale mapema kabla hajazidiwa: maharage, mayai, mboga za majani, viazi, matunda, na kitu cha kubeba shuleni. Tumbo likichafuka apewe kidogo kidogo, wali laini au ndizi, maji ya kutosha, na apunguze soda na mafuta mengi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa juu ya tumbo husaidia. Dawa ya maumivu wakamwulize mhudumu wa afya, kwani zipo za kunywewa baada ya kula tu. Na bibi aache kumwita mchwa.

Kule kulegea mstarini sikuchukulii kirahisi. Mwanamke anayemwamini ampeleke kituo cha afya wiki hii, apimwe damu, na waseme wazi kwamba kwa miezi miwili amekula kwa kubanwa. Warudi upesi akizimia, akiona damu kwenye choo, akitapika bila kukoma, akijaza pedi kila saa moja au mbili, au maumivu yakimzuia kwenda shule. Na akiendelea kujinyima hata baada ya kuruhusiwa, waseme pia. Njaa iliyotiwa aibu hairudi kwa amri.

Usisubiri tarehe tano. Mpigie leo akishatoka shule, uwe peke yako, simu sikioni. Sema: "Nilikosea kukuita gunia, na nilikosea mbele za watu. Kopo limekwisha kazi. Kula ushibe." Halafu nyamaza. Usimwulize habari za siku zake, mwambie tu kwamba akihitaji kitu cha siku hizo akuombe kama anavyoomba daftari. Akikupa maneno manne, yapokee, na kesho piga tena. Kisha weka sauti kubwa umwombe radhi tena, wadogo zake na bibi yao wakisikia, kwa kuwa tusi walilisikia.

Basi la mchana litakushusha karibu na saa ya kula. Usichungulie sahani yake. Mpe binti upawa, ajipakulie wa kwanza kama mama mpishi wenu, na wewe kaa ungoje zamu yako.